Tazama Ulipojikwaa

(Maelezo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mjini Babati)



Nimeombwa nieleze kazi yangu kwa dakika chache. Kazi yangu ni kutafuta kwa nini programu ya kompyuta imekufa ghafla. Wengi hudhani dawa ni kuzima mashine na kuiwasha upya. Mara nyingi huamka kweli, lakini ushahidi umekwisha kufutika, na kesho itakufa tena.

Programu inapokufa, kompyuta inaweza kuhifadhi nakala ya yote yaliyokuwamo katika kumbukumbu yake saa ile ile. Zamani nakala hiyo ilichapwa kwenye karatasi, tarakimu tupu kurasa kwa kurasa, na fundi aliisoma kalamu mkononi. Siku hizi tunazo programu za kutusaidia, ila maswali ni yale yale matatu. Ilikuwa ikitekeleza amri gani? Ilikuwa ikigusa anwani gani ya kumbukumbu? Na ni nani aliyeituma huko? Swali la tatu ndilo zito. Wahenga walisema: usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa.

Chukueni mfano wa tarehe 19 Julai, 2024. Siku hiyo kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizima duniani, na safari nyingi za ndege zikavunjwa. Nakala za kumbukumbu zilionyesha kwamba programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilisoma mahali isipopaswa kusoma. Hapo ndipo ilipoanguka. Uchunguzi ulipofuata nyayo kurudi nyuma, ulikuta kwamba maagizo mapya yalitaka kitu cha 21, na programu ilikuwa imepewa vitu 20 tu. Tena hakukuwa na amri ya kuhesabu kwanza.

Ni kama tarishi aliyetumwa nyumba ya 21 katika mtaa wenye nyumba 20. Akaendelea mbele mpaka akatumbukia Ziwa Babati. Atakayemkuta majini atalilaumu ziwa, kumbe kosa limo katika barua.

Ndugu zangu, jambo hili latuhusu. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Baadaye mfumo wa hesabu za Serikali ukashindwa kazi, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Fedha za umma zilihitaji kulindwa, hilo halina ubishi. Lakini marufuku huizuia mashine tu. Haisemi kosa lilikuwa wapi. Na kosa lisilojulikana hurudi siku mashine inaporudi.

Vijana, leo dawa za hospitali, mishahara na matokeo yenu ya mitihani vimo ndani ya kompyuta. Ninyi ndio mtakaoitwa zikizima. Siku hiyo msikimbilie kuwasha upya, wala kumtafuta wa kumlaumu. Hifadhini nakala kwanza. Kisha someni polepole, mkirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka mfike kwenye jiwe lenyewe.