Kofia ya Abiria Si Pambo la Usukani

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata na madereva wa bodaboda katika mkutano wa hadhara



Siku yoyote ya gulio, mtu akisimama njia panda ya barabara kuu na kuzitazama pikipiki zinazopita, ataona jambo moja likijirudia. Dereva amevaa kofia ngumu. Kofia ya pili imening'inia kwenye usukani au kwenye kioo cha pembeni. Abiria, ambaye kofia hiyo ilinunuliwa kwa ajili yake, amekaa nyuma kichwa wazi. Kofia inasafiri na abiria anasafiri, ila hawasafiri pamoja. Pikipiki ikikaribia walipo askari wa usalama barabarani, kofia hutolewa na kuwekwa kichwani. Wakishapitwa, inarudi mahali pake. Kiini cha mada hii ni kofia hiyo ya pili.

Wajibu wa kisheria unafahamika. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu, na masharti ya usafirishaji wa abiria kwa pikipiki yanamtaka dereva ahakikishe kuwa abiria wake naye amevaa. Hata hivyo, kofia inayovaliwa kwa ajili ya askari huvuliwa askari asipokuwepo. Inafaa basi kuanza na sababu ambazo madereva na abiria wenyewe huzitoa, maana sababu hizo zina ukweli ndani yake, na penye ukweli panahitaji jibu.

Sababu inayosikika mara nyingi kuliko zote ni maneno mawili: "Ni hapo tu." Abiria anakwenda zahanati, mashineni au shuleni kumchukua mtoto, haoni haja ya kuvaa kofia kwa mwendo wa dakika tano. Lakini pikipiki iliyo katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao abiria wengi huuona wa taratibu, inakibeba kichwa kwa kasi ile ile ambayo kingekuwa nayo kama kingeanguka kutoka juu kiasi cha mita 6. Hakuna mzazi anayemruhusu mwanawe aruke kutoka kimo hicho kwa hoja kwamba ni pafupi. Urefu wa safari haupunguzi ugumu wa lami. Tena safari fupi ndizo zinazopita penye mbuzi, watoto, mashimo na bajaji zinazogeuka bila kuonyesha ishara.

Dunia ilichelewa kujifunza jambo hili. Mwezi Mei 1935, afisa na mwandishi wa Uingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki si mbali na nyumbani kwake alipojaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu, na baada ya siku 6 alifariki. Mmoja wa madaktari walioitwa kumhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyo aliendelea kuchunguza ajali za waendesha pikipiki wa jeshi, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na kabla ya mwaka huo kwisha jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wa pikipiki kuvaa kofia ngumu. Tafiti zilizofuata katika nchi nyingi zimethibitisha alichokiona. Kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 40, na ule wa kuumia vibaya kichwani kwa takribani asilimia 70.

Kofia hufanyaje kazi hiyo? Gamba la nje hukitawanya kishindo ili kisiangukie sehemu moja ya fuvu. Chini ya gamba kuna tabaka la povu gumu, jamii ya lile jeupe linalofungashiwa televisheni na friji. Kichwa kinapogonga, povu hilo hubonyea, na kwa kubonyea kwake kichwa husimama polepole kidogo badala ya kusimama ghafla. Uchache huo wa muda ndio unaouokoa ubongo. Povu likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyowahi kugongwa katika ajali imekwisha kazi yake, hata kama gamba bado linang'aa. Na ndiyo maana kofia ya mafundi ujenzi haifai kwa pikipiki: ile imetengenezwa kuzuia tofali lidondokalo kutoka juu, wala haina kinga ya kutosha ubavuni na kisogoni.

Sababu ya pili ni jasho. Abiria anaipokea kofia iliyovaliwa na watu kumi tangu asubuhi, ndani ina unyevu na harufu, naye anaogopa kuambukizwa mapunye. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa. Kina mama waliosuka nywele nao hawataki kuharibu kazi waliyoilipia, na wanaovaa ushungi huona kofia haikai sawasawa. Madereva waliolishughulikia jambo hili hawakuhitaji mtaji mkubwa. Wapo wanaobeba vitambaa vyepesi vilivyofuliwa, wakampa kila abiria chake kabla ya kofia na kuvikusanya jioni kwa ajili ya kufua. Abiria naye anaweza kuweka leso au kofia nyepesi ya kitambaa katika mkoba wake, kama anavyobeba simu. Ushungi mwepesi uliobanwa vizuri unavalika chini ya kofia, na nywele zilizofungwa nyuma chini ya kisogo zinaacha nafasi ya kofia kukaa.

Usafi wa kofia yenyewe una kanuni yake. Bitana ya ndani isafishwe kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha ianikwe kivulini penye hewa. Petroli na tina visitumike kamwe. Wako madereva wanaoisugua kofia kwa petroli ili ing'ae, bila kujua kwamba petroli huliyeyusha povu la ndani na inaweza kulidhoofisha gamba. Kofia ya namna hiyo hung'aa kama mpya, ila uwezo wake wa kukinga umepungua. Kuitundika kofia juu ya kioo cha pembeni nako hulitoboa na kulibonyeza povu pole pole, kila siku kidogo.

Sababu ya tatu ni kipimo. Kofia moja haiwezi kumtosha mwalimu mkuu na mtoto wa darasa la tatu. Kofia pana huzunguka kichwani, huziba macho na huweza kuchomoka wakati inapohitajika. Kipimo chake ni chepesi: abiria aivae, afunge kamba ya kidevuni, kisha atikise kichwa. Kofia ikibaki inacheza peke yake, haimfai. Kamba ikaze kiasi cha kupitisha vidole viwili, si ngumi. Kofia isiyofungwa kamba ni sawa na isiyovaliwa, kwa maana hutangulia kuruka kabla ya kichwa kufika chini. Madereva wa kijiwe kimoja wanaweza kuweka kofia chache za vipimo tofauti, zikiwemo za watoto, na kuazimana kulingana na abiria aliyepatikana.

Sababu ya nne ni fedha, nayo inataka kusemwa waziwazi. Vijana wengi wanaendesha pikipiki zisizo zao. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo, au wako kwenye mkataba wa miezi mingi hadi pikipiki iwe yao. Mafuta, oili na pancha hutoka katika kinachobaki. Kijana wa namna hiyo akiambiwa anunue kofia mbili nzuri, hununua moja nzuri na moja ya kuonyesha. Mwenye pikipiki asiyekubali chombo chake kitoke bila tairi zima asikubali pia kitoke bila kofia mbili zinazofaa. Kofia hizo ni sehemu ya chombo, kama breki na taa zilivyo. Kwa mnunuzi, dalili moja ya ubora ni lebo iliyoshonwa kwenye kamba ya kidevuni, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoithibitisha. Kofia nyepesi kupita kiasi, isiyo na povu gumu ndani ila sponji laini tu, haifai hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Sababu ya tano husemwa na madereva wakiwa peke yao. Dereva akimlazimisha abiria kuvaa kofia, abiria hushuka na kupanda pikipiki ya jirani. Dereva mwadilifu hupoteza nauli, na asiyejali huipata. Hapa uadilifu wa mtu mmoja hautoshi. Kijiwe kizima lazima kikubaliane. Kijiwe kikiweka sharti kwamba hakuna abiria atakayepakiwa bila kofia, na kwamba anayevunja sharti hatapewa zamu yake, abiria hatakuwa na pikipiki ya jirani ya kukimbilia. Atavaa, na baada ya majuma machache atavaa bila kuambiwa. Mjini Kigali, nchini Rwanda, hali imekuwa hivyo: dereva wa pikipiki ya abiria hubeba kofia ya pili, na abiria huipokea na kuivaa kabla ya kuketi bila mabishano. Jua la huko nalo huwaka, na abiria wa huko nao husuka nywele.

Ndugu wananchi, kofia ndiyo ya kwanza, lakini haiko peke yake. Kizibao chenye viakisi mwanga humfanya dereva aonekane na gari usiku. Kikifunikwa na koti au kikichakaa hadi viakisi vikafifia, hakimsaidii mtu. Koti linalovaliwa mbele nyuma ili kuzuia upepo kifuani halifungwi zipu, hivyo likigusa lami hutoka na kuiacha ngozi. Viatu vya kufunika mguu hulinda vidole na vifundo, jambo ambalo kandambili haziwezi. Kioo cheusi cha kofia kinafaa mchana, ila usiku kinampofusha dereva. Mwavuli mkubwa uliofungwa juu ya pikipiki humpa abiria kivuli, lakini upepo mkali au upepo wa lori linalopita huusukuma pamoja na pikipiki yenyewe.

Kwa upande wa abiria, khanga, mtandio na mikanda ya mikoba ifungwe vizuri isije ikazongwa na tairi la nyuma au mnyororo. Katika pikipiki nyingi zinazotumika kwa bodaboda bomba la moshi liko upande wa kulia, na kovu la kuungua kwenye ndama ya mguu wa kulia linafahamika kwa wengi. Ni salama zaidi kupanda na kushuka upande wa kushoto. Ama mshikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu, hakuna kofia inayoweza kuurekebisha, kwa sababu dereva anakosa nafasi ya kuimudu pikipiki.

Ajali ikitokea licha ya yote, wasaidizi waepuke kosa linalofanywa kwa nia njema. Wengi hukimbilia kuivuta kofia ya majeruhi ili apate hewa. Kama anapumua, kofia iachwe kichwani, shingo isitikiswe, na msaada uitwe. Simu ya dharura ya polisi ni 112. Shingo iliyovunjika inaweza kuharibiwa zaidi na mkono wenye huruma. Kofia iondolewe tu ikiwa inamzuia kupumua, na hapo mtu mmoja aishike shingo na kichwa kwa uthabiti wakati mwingine anapoitoa taratibu.

Liko jambo moja linalohusu huduma za Halmashauri moja kwa moja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana vinavyoomba mkopo wa kununua pikipiki vinashauriwa kuandika kofia mbili bora, vizibao na viatu katika bajeti ya mradi tangu mwanzo, badala ya kuviacha vinunuliwe kwa masalia. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye anayevisaidia vikundi kuandaa maombi hayo.

Mada hii inafunga kwa maombi matatu, kila moja kwa mhusika wake. Mwenye pikipiki akague leo kofia ya pili ya chombo chake, aifungue bitana na kulitazama povu. Dereva afike kijiweni kesho na vitambaa safi, akae na wenzake, wakubaliane juu ya sharti moja. Abiria asingoje kuambiwa: aiombe kofia, na akiambiwa haipo, amngoje dereva aliye nayo. Nauli ni ile ile, na aliye nayo hayuko mbali.

Gulio lijalo, hesabu ifanyike tena pale njia panda, na zihesabiwe kofia zilizo vichwani, si zilizo kwenye usukani.