Kisanduku Kilichozima Bendi

(Maneno yaliyosemwa kwenye karamu ya wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa nieleze yaliyotokea mwaka jana, bendi ya wanafunzi ilipozimika katikati ya wimbo wa pili. Wengi wenu mlidhani umeme umekatika. Haukukatika. Mkosaji ni mimi, na leo nimekuja kulipa deni.

Mtakumbuka nilipanda jukwaani na gitaa na kisanduku changu cha kukwaruza sauti. Nilikiunda mwenyewe nikiwa chuo kikuu, kwa kufuata mchoro wa Fuzz Face, pedali ya duara iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966. Ndani yake mna transista mbili tu za jerimaniamu, aina ya PNP. Katika mchoro ule wa zamani waya wa ardhi huungwa kwenye chanya cha betri, hali pedali karibu zote za siku hizi huunga ardhi kwenye hasi. Kikitumia betri yake cha kwangu hakikumdhuru mtu miaka yote. Jioni ile betri ilikuwa imekwisha. Nikaona adapta ya vijana ina waya wa ziada, nikageuza ncha zake zilingane na kisanduku, nikachomeka.

Sasa, ule wavu wa nje wa waya wa gitaa huunganisha ardhi za pedali zote. Pedali yao ardhi ni hasi, yangu ardhi ni chanya, na adapta ni moja. Chanya na hasi vikakutana. Adapta ikatoa moshi, nayo vijana walikuwa wameichangia kwa fedha zao. Mwalimu wao hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Basi Jumamosi tatu nilirudi hapa, nikakaa na vijana kwenye maabara ya fizikia kutafuta dawa. Dawa ni saketi ya kugeuza volti: unaipa volti 9 juu ya ardhi, nayo inakupa volti 9 chini ya ardhi. Kazi hiyo hufanywa na chipu moja ya miguu minane na kapasita mbili za mikrofaradi 10. Kapasita ya kwanza ni ndoo, ya pili ni pipa. Chipu hujaza ndoo kati ya chanya na ardhi. Kisha huibandua na kukishika kile kichwa chake cha juu kwenye ardhi. Kwa kuwa ndoo ingali imejaa, kichwa cha chini hakina budi kushuka chini ya ardhi kwa volti zile zile 9. Hapo humiminwa kwenye pipa, na safari huanza upya, maelfu ya mara kwa sekunde.

Jumamosi ya kwanza tulitumia ICL7660. Ikaungua. Adapta tuliyoazima iliandikwa 9, lakini kipimo kilisoma 13 ikiwa haina mzigo, na chipu ile haitakiwi kupita volti 10. Laiti ningepima kwanza! Tukatanguliza 7809 ya kuituliza volti.

Jumamosi ya pili ikafanya kazi. Nikafurahi, vijana wakakunja nyuso. “Mzee, kuna mbu kwenye spika.” Mimi sikusikia mbu wala nzi. Kumbe saa ya ndani ya chipu hiyo hupiga mara 10,000 kwa sekunde, sauti ambayo masikio ya miaka kumi na sita huikamata vizuri. Ya kwetu sisi, ndugu zangu, tuyaache.

Ya tatu tukaweka TC1044S. Hii ukiunga mguu wa 1 na mguu wa 8, mwendo hupanda hadi kama 45,000, juu ya uwezo wa sikio la mtu yeyote. Mbu akanyamaza. Kipimo kikasoma hasi 8.9. Kijana mmoja alikuwa ameigeuza kapasita ya pipa, kwa mazoea ya kuweka hasi kwenye ardhi. Mwenzake akamshika mkono kabla hatujawasha. Pale chanya ndicho kinachokaa kwenye ardhi, hasi inakwenda mguu wa 5. Mimi nilikuwa nimeshapitisha macho na sikuona.

Kisanduku kiko jukwaani, kimechomekwa pamoja na pedali zao kwenye adapta moja. Adapta ni mpya, nimeinunua mimi. Aliyelehemu ni yule kijana wa kidato cha tatu aliyeshika gitaa la besi, na amenikataza kugusa waya wowote usiku huu.

Vijana, wimbo wa pili.