Moyo Unaposita

Kila pigo la moyo huanzia kwenye kifundo kidogo cha seli kilichopo juu ya chemba ya juu ya kulia, pale mshipa mkubwa unapomwaga damu inayotoka kichwani na mikononi. Arthur Keith na Martin Flack walikieleza kifundo hicho, kiitwacho kifundo cha sinasi, mwaka 1907 huko Uingereza, baada ya kukiona katika moyo wa fuko. Mtu akitulia, kifundo hicho kwa kawaida hutoa cheche za umeme 60 hadi 100 kwa dakika.

Umri ukienda, seli hizo hupungua na nafasi yake hushikwa na makovu. Cheche huchelewa, au hutoka zisifike. Mgonjwa huona kizunguzungu, huishiwa nguvu akipanda ngazi, pengine huanguka na kuzimia. Nyumbani wakasema ni uzee tu.

Idadi ya mapigo peke yake haithibitishi ugonjwa. Mkimbiaji wa marathoni mwenye mapigo 45 anaweza kuwa mzima kabisa, na moyo wa kila mtu hupunguza kasi usingizini. Kinachotafutwa ni dalili na mchoro wa umeme wa moyo vikutane kwa wakati mmoja. Kwenye karatasi ya kipimo, sekunde 3 za moyo kusimama huchukua miraba mikubwa 15 isiyo na pigo hata moja. Ila kipimo cha kitandani huchukua sekunde chache tu, na moyo haumsubiri daktari. Ndiyo maana mgonjwa huvalishwa kinasa mapigo kwa saa 24 au zaidi. Akizimia mara chache kwa mwaka, kinasa kidogo huwekwa chini ya ngozi ya kifua.

Kabla ya yote hukaguliwa dawa anazomeza. Atenolo, verapamili na digoksini hupunguza mapigo, na tezi ya shingo iliyolegea hufanya vivyo hivyo. Chanzo kikiondolewa, huenda tiba ikaishia hapo.

Kisipopatikana, huwekwa betri ya moyo: kifaa kidogo chini ya mtulinga, nyaya zake zikipitia mshipani hadi moyoni. Huzuia kuzimia, ingawa haijathibitika kurefusha maisha. Tanzania, kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Wagumu zaidi ni wale ambao moyo hukimbia ovyo, kisha ukasimama ghafla. Dawa ya kutuliza mbio huzidisha kusimama; kwa hiyo betri hutangulia, dawa zikafuata. Wengi wao huhitaji pia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hofu ya kiharusi, na betri haiwaondolei haja hiyo.