Watoto wa kitengo maalum warudi siku moja na wenzao

Hotuba ya afisa wa elimu ya chekechea wa kaunti kwa wazazi na wakaazi wa Zombe, Kaunti Ndogo ya Kitui Mashariki, Desemba 2020.

Asanteni kwa kuja. Najua ndengu na kunde ziko shambani na mvua haingojei mkutano. Asanteni pia kwa kuketi mbalimbali, ingawa kivuli tulicho nacho ni kidogo na jua la Zombe mnalijua.

Mwaka huu ulitujia vibaya. Ulianza na nzige katika kaunti yetu. Kisha tarehe 13 Machi tukatangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zote zifungwe. Wengi wetu tulidhani ni jambo la wiki chache. Mwezi wa Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akasema mwaka wa masomo umepotea na watoto watarudi Januari. Baadaye mambo yakabadilika, na tarehe 12 Oktoba Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne wakarudi. Sasa waliosalia wote wanarudi Jumatatu tarehe 4 Januari 2021. Chekechea pia, ambayo ndiyo kazi yangu na ndiyo kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Shule za msingi na za upili ziko chini ya wizara ya taifa, lakini hapa kwetu chekechea na msingi huwa ua mmoja, tangi moja la maji na lango moja. Kwa hivyo leo nazungumzia ua wote.

Hofu yenu si ya bure. Mwezi wa Oktoba, huko Mombasa, shule za Star of the Sea na Tononoka zilifungwa tena baada ya ugonjwa kupatikana. Mzazi anayeuliza kama mtoto wake atakuwa salama hajakosea, na walimu wakuu mlio hapa mnapaswa kumjibu kwa kumwonyesha maji, sabuni na madarasa yaliyofunguliwa madirisha, si kwa maneno tu. Barakoa za kitambaa tunazo karibu. Kiwanda chetu cha KICOTEC pale Syongila kimeshona kwa maelfu mwaka huu. Mtoto awe nazo mbili ili moja ifuliwe jioni. Darasa likijaa, wengine wafundishiwe chini ya mti. Wengi wetu hapa tulianzia chini ya mti.

Hayo mmeyasikia redioni mara nyingi, nami sitayarudia. Nimekuja kwa sababu nyingine.

Katika kuzunguka kwangu nimesikia maneno ambayo husemwa kwa upole, na ndiyo maana yananitia wasiwasi. Mzazi wa mtoto wa kitengo maalum anaambiwa, "Mama, subiri kwanza. Acha hawa wengine watulie, halafu tutakuita." Tumewajua watu walioambiwa watapigiwa simu na simu haikulia. Kwa mtoto ambaye amekaa nyumbani tangu Machi, kuambiwa asubiri ni karibu sawa na kuambiwa asirudi. Wenzake watapanda darasa, kiti chake kitapewa mtu, chumba cha kitengo kitawekwa magunia ya mahindi ya shule au madawati yaliyovunjika, na baada ya muhula mmoja hakuna atakayekumbuka kwamba palikuwa na darasa hapo.

Watoto hawa ndio waliopoteza zaidi katika miezi hii tisa. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilipeleka masomo redioni na kwenye runinga, na ilikuwa kazi nzuri. Lakini mtoto kiziwi atafanya nini na redio? Somo la redio halina mikono. Asiyeona naye anahitaji breli chini ya vidole vyake, na karatasi hizo zimebaki shuleni kabatini. Halafu kuna yule ambaye masomo yake hayakuwa kusoma na kuandika. Mwalimu alikuwa akimfundisha kushika kijiko, kwenda chooni mwenyewe, kufunga vifungo vya shati, kungoja zamu yake. Mambo hayo humchukua mwaka au miwili kuyashika na hupotea haraka yasipofanywa kila siku. Kuna wazazi hapa wanaojua ninachosema, kwa sababu wamerudi kumlisha mtoto aliyekuwa akijilisha.

Basi tuseme wazi: watoto wa kitengo warudi tarehe 4 Januari pamoja na wote. Si hisani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinamtaja mtu mwenye ulemavu waziwazi, kwamba aweze kuingia katika taasisi za elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 inakataza shule kumnyima mtoto nafasi kwa sababu tu ya ulemavu wake ilhali ana uwezo wa kusoma hapo. Mwalimu mkuu akikwambia usubiri, mwombe akuandikie barua yenye sababu na tarehe. Mara nyingi ukiomba barua, nafasi hupatikana.

Sasa tuje kwa vitu vyenyewe, maana nia njema haitamsaidia mtoto kunawa mikono.

Shule nyingi zimetengeneza ule mtungi unaoinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Ni kitu kizuri, hautumii fedha na hakuna anayeugusa kwa mkono. Lakini hebu mtazame mtoto wa kiti cha magurudumu au wa magongo mbele yake. Ataukanyagia nini? Kwa huyo wekeni ndoo yenye bomba kwenye meza fupi, urefu wa magoti yake akiwa ameketi, na njia ya kufika hapo isiwe na mchanga mzito wala ngazi. Asiyeona afungiwe kamba kutoka mlango wa darasa hadi penye maji, apitishwe mara kadhaa mpaka azoee. Na msiihamishe ndoo bila kumwambia, tafadhali. Yeye husoma kwa vidole na hutembea kwa kushika, kwa hivyo kumkataza kugusa ni kumfunga. Anawe mara nyingi zaidi kuliko wengine, na anayemwongoza anawe pia.

Tukija kwa barakoa, kiziwi husoma midomo na uso wote. Katika Lugha Ishara ya Kenya, uso ni sehemu ya maneno. Mwalimu akijifunika kutoka pua hadi kidevu amekata nusu ya sentensi. Fundi wa cherehani hapa sokoni anaweza kushona barakoa yenye dirisha la plastiki mbele ya mdomo. Plastiki hiyo huingia ukungu wa pumzi, lakini ukiipaka sabuni kidogo kwa ndani na kuipangusa, ukungu hupungua. Penginepo mwalimu avae kinga ya plastiki ya uso mzima na asimame mbali kidogo, karibu na dirisha.

Kuna watoto ambao hawawezi kuvumilia kitambaa usoni. Wenye usonji wengine hukivua hata ukikifunga mara kumi, na wenye mtindio wa ubongo wanaotokwa na mate wanaweza kushindwa kupumua. Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa mwongozo mwezi wa Agosti mwaka huu. Walisema watoto wa miaka mitano kwenda chini wasilazimishwe kuvaa barakoa, na wenye ulemavu wa ukuaji au wa namna nyingine waangaliwe mmoja mmoja, isiwe sharti kwao. Kwa hivyo mtoto wa namna hiyo asifukuzwe langoni. Mwalimu na mhudumu wake ndio wavae, darasa liwe na watu wachache, na madirisha yakae wazi. Hata watoto wangu wa chekechea mwongozo huo unawagusa. Mtoto wa miaka minne hubadilishana barakoa na mwenzake kama peremende, na ikishafika hapo ni afadhali asingekuwa nayo.

Maji ya kunawa yatatoka wapi? Hili la Zombe ni gumu kuliko yote. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea, na shule zinafunguliwa wakati inakatika. Kamati za shule zisisubiri Januari. Mifereji ya paa irekebishwe wiki hii, tangi lisafishwe, na tone linaloanguka sasa lihifadhiwe. Wenye punda tukubaliane zamu za kuleta maji kutoka visima vya mchangani mtoni tangi likikauka. Shule isiyo na maji itamtuma mtoto aje na mtungi wake, na mtoto wa magongo hawezi kubeba mtungi.

Kwenu wazazi, siku zilizobaki zitumieni. Mtoto ambaye utaratibu wake umevunjika haurudii kwa siku moja. Anzeni sasa kumwamsha saa ile ile ya shule. Mtembezeni mpaka langoni hata kama limefungwa, aione njia tena. Mvalisheni barakoa dakika mbili leo na tano kesho, wakati anafanya kitu anachokipenda. Aliye na kifafa au anayetumia dawa yoyote ya kila siku, apelekwe kliniki kabla ya kufungua, kwa kuwa wengine waliacha kwenda mwezi wa Machi kwa kuogopa korona na hawakurudi. Mwalimu aelezwe kwa maandishi dawa gani na saa ngapi. Anayeishi na babu au nyanya anawe na abadilishe nguo za shule akifika nyumbani kabla ya kumkimbilia mzee.

Kuna jambo wazee mtaniwia radhi nikilisema. Katika miezi hii watoto wengine wamekuwa wafanyakazi. Mkubwa anachunga mbuzi, na yule mwenye ulemavu anaachwa kulinda boma mchana kutwa peke yake, mlango umefungwa kwa nje. Najua si ukatili. Mama yuko shambani na hana mtu. Lakini moto, nyoka na watu wabaya hawana habari na sababu zetu. Shule ndiyo mahali pekee ambapo mtoto huyo anaonwa kila siku na mtu mzima ambaye si wa nyumbani. Familia zinazopata zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu mkubwa, fedha hizo ni za kumsaidia mtoto mwenyewe. Anaweza kulipiwa bodaboda siku ambazo njia haipitiki.

Na wasichana. Wapo waliopata mimba katika kipindi hiki, nao wanaona aibu kurudi. Sierra Leone, baada ya Ebola kufunga shule, shule zilifunguliwa mwaka wa 2015 na wasichana wajawazito wakakatazwa kuingia. Amri hiyo iliondolewa mwezi wa Machi mwaka huu. Fikirieni miaka yote hiyo. Kenya hatuna amri kama hiyo. Mwongozo wa wizara unamruhusu msichana kurudi. Kama yeye ni kiziwi au ana ulemavu wa akili na ana mimba, hiyo ni kesi ya chifu na polisi kabla ya kuwa jambo la shule, na isimalizwe kwa mbuzi wawili nyuma ya nyumba.

Walimu wa chekechea, ninyi ndio wa kwanza kumwona mtoto asiyegeuka akiitwa jina, au anayeuweka mdoli puani ndipo auone. Msiandike "mzito" kwenye rejista mkaendelea. Andikeni mlichokiona, mzazi aitwe, na mtoto apelekwe kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum. Bila tathmini hajulikani anahitaji nini, na shule haiwezi kuombea kile isichokijua.

Nikimaliza hapa, walimu wakuu naomba mbaki tuangalie orodha za vitengo za mwezi wa Machi, jina kwa jina, tujue kila mtoto yuko wapi sasa. Wazee wa vijiji mtatusaidia kwa wale waliohama. Wazazi walio na mtoto nyumbani ambaye hajawahi kufika shule yoyote, hata kama ana miaka 12 au 15, mpite kwenye meza ile ya kulia muandikishe jina la mtoto, kijiji na namba ya simu. Asiye na simu aache ya jirani. Tutaanza kuwatembelea wiki ijayo, tukianza na vijiji vya mbali.