Gharama za Ukarabati, Maji na Stima katika Nyumba za Kupangisha Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Nyumba ya kupangisha mjini Nyeri huanza kudai pesa msimu wa kwanza wa mvua baada ya kukamilika. Mji uko kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati ya mwaka huja baridi na manyunyu yasiyoacha kuta zikauke. Karatina, Othaya na Embu hali ni hiyo hiyo.

Paa ndilo la kuangaliwa kwanza. Bati lenyewe hudumu miaka mingi. Kinachochakaa mapema ni kipande cha mpira kilicho chini ya kichwa cha msumari. Jua la mchana hulitanua bati, baridi ya usiku hulirudisha, msumari unalegea na mpira unapasuka. Maji hupenya tone kwa tone hadi kwenye mbao. Mpangaji anapoliona doa la kahawia darini, kazi iliyohitaji fundi mmoja na misumari michache imeshakuwa ya kubadilisha dari na mbao. Gata zilizoziba majani nazo humwaga maji ukutani, ukungu ukaota na rangi ikabambuka. Kupaka rangi ukuta ambao bado una unyevu ni kutupa pesa, ingawa ndiyo kazi inayofanywa sana mpangaji anapohama.

Upande wa Nanyuki mvua ni haba. Huko, penye udongo mweusi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka, tatizo ni nyufa za kuta na mabomba yanayokatika chini ya ardhi.

Maji ndiyo hula faida kimyakimya. Kampuni za maji, kama NYEWASCO ya Nyeri na MAWASCO ya Karatina, hutoza kwa viwango vinavyopanda kadiri matumizi yanavyoongezeka. Hivyo ploti yenye nyumba kadhaa na mita moja ya pamoja hufika haraka kwenye viwango vya juu. Choo kimoja kinachovuja lita moja kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani zaidi ya mita za ujazo 43 kwa mwezi. Pale kodi inapojumuisha maji, mpangaji hana sababu ya kuripoti. Mita ndogo kwa kila nyumba, ikisomwa na mtunza ploti kila mwezi, huonyesha mara moja uvujaji uko wapi.

Stima ina hesabu kama hiyo. Bei ya wateja wa nyumbani hufuata makundi ya matumizi ya mwezi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Familia sita zikichangia mita moja huingia kundi la juu hata kama kila moja inatumia kidogo. Afadhali kila nyumba iwe na mita yake ya tokeni, mwenye ploti abaki na taa za ngazi na pampu. Na kwa baridi ya Nyeri wapangaji watadai shawa ya kupasha maji papo hapo. Shawa hiyo huhitaji waya mnene wa peke yake na waya mzuri wa kupeleka umeme ardhini. Kuiunganisha kwenye waya wa taa ni kuhatarisha maisha.

Ushuru huongeza uzito wa haya yote. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za makazi iliyo kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya makusanyo yote, bila kuondoa gharama yoyote. Tuseme ploti ina nyumba 10 za shilingi 8,000 kwa mwezi. Ikijaa mwaka mzima hukusanya 960,000, na ushuru ni 72,000. Mwenyewe akitumia 150,000 kwenye paa mwaka huo, ushuru unabaki 72,000. Anaweza kuiandikia Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) atozwe kwa faida ya mwaka, ambapo ukarabati hukubaliwa kama gharama ya kuondolewa. Anayelipa riba ya mkopo au mwenye jengo kuukuu afanye hesabu zote mbili kabla ya kuamua.

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, humpa mwenye jengo lililogawanywa jukumu la paa, kuta za nje, mitaro mikuu na sehemu za pamoja. Amana ya mpangaji ni ya uharibifu alioufanya mwenyewe, haiwezi kugharimia uchakavu wa jengo. Akiba ya ukarabati itengwe kuanzia kodi ya mwezi wa kwanza.