Masomo ya Hiari Chuo Kikuu: Uhuru Unaohitaji Kusudi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana wanaojiandaa kuingia chuo kikuu)



Kila mwaka vijana kutoka majumbani mwetu huingia vyuo vikuu. Sisi wazazi huwauliza maswali mawili: Umepata chuo gani? Na umepata fani gani? Tukishajibiwa, huona kazi imekwisha, na kilichobaki ni kutafuta ada. Lakini lipo swali la tatu ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo ni hili: Pamoja na masomo ya lazima ya fani yako, utachagua masomo gani ya hiari, na kwa sababu gani? Swali hilo ndilo tunalokusudia kulieleza leo.

Yafaa kwanza ieleweke maana ya maneno haya. Masomo ya chuo kikuu yamegawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni masomo ya lazima, ambayo mtu hawezi kupewa shahada ya fani yake bila kuyafaulu. Fungu la pili ni masomo ya hiari, ambayo chuo huyaorodhesha na kumwachia mwanafunzi achague. Hapa Tanzania, kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, kila somo hupimwa kwa krediti, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, yaani kusikiliza mihadhara, kuhudhuria semina, kujisomea na kufanya mitihani. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hudai krediti 360. Kwa hesabu hiyo, somo moja la krediti 12 ni saa 120 za umri wa kijana. Je, tunaweza kusema kwamba jinsi saa hizo zinavyotumiwa ni jambo dogo?

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya njia wanayopitia vijana wetu. Kijana amalizapo kidato cha nne huingia katika tahasusi ya masomo makuu matatu. Aliyechukua Fizikia, Kemia na Biolojia huagana na Fasihi akiwa bado mdogo, na aliyechukua Historia, Jiografia na Kiswahili huagana na maabara. Akifika chuo kikuu, njia huzidi kuwa nyembamba. Basi somo la hiari huenda likawa ndio mlango wa mwisho wa kumrudisha katika elimu aliyoiacha, au wa kumwonyesha elimu ambayo hajapata kuiona.

Mafunzo kutoka katika historia

Uhuru huu wa kuchagua haukuwako siku zote. Katika vyuo vya zamani vya Marekani, wanafunzi karibu wote walisoma masomo yaleyale, hasa Kilatini, Kigiriki na hisabati. Mwaka 1828 walimu wa Yale walitoa taarifa mashuhuri ya kuutetea utaratibu huo. Kisha mwaka 1869 mtaalamu wa kemia aitwaye Charles William Eliot, mwenye umri wa miaka 35, akawa rais wa Harvard, akakaa katika cheo hicho miaka 40. Yeye aliamini kwamba kijana hujifunza kwa bidii kile anachokipenda, naye akaendelea kuyapunguza masomo ya lazima hata kufikia miaka ya 1890 yakawa yamebaki machache mno.

Matokeo yake yalikuwa ya namna mbili. Kwa upande mmoja, sayansi na elimu nyingine mpya zilipata nafasi, na wanafunzi wenye bidii walifika mbali. Kwa upande mwingine, walimu walipochunguza mwanzoni mwa miaka ya 1900, waliona kwamba wanafunzi wengi walikuwa wakisoma kidogo na kukimbilia masomo mepesi, wakiokota hapa na pale bila mpango. Ndipo mrithi wa Eliot, Abbott Lawrence Lowell, aliyeanza kazi mwaka 1909, akaweka utaratibu wa njia ya kati: kila mwanafunzi achimbe kwa kina fani moja, na pia asome masomo kadhaa kutoka mafungu mengine ya elimu. Utaratibu wa namna hiyo ulienea katika vyuo vingi vya nchi ile.

Mpaka leo vyuo havikubaliani juu ya kipimo. Columbia ina masomo ya msingi ya lazima ambayo mojawapo lilianza mwaka 1919. Chuo cha Brown, kwa maombi ya wanafunzi wenyewe, kiliamua mwaka 1969 kuondoa masomo ya lazima ya jumla, kikamwachia mwanafunzi apange mwenyewe kwa msaada wa washauri. Hata hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970 kimewafundisha wanafunzi wa fani mbalimbali Taaluma za Maendeleo, ili mhandisi na mwanasheria wote waijue hali ya nchi yao. Na al-Azhar ya Cairo, chuo chenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, kwa sheria ya mwaka 1961 iliongezewa vitivo kama vile udaktari, uhandisi, kilimo na biashara. Mafunzo tunayoyapata ni haya: lazima tupu humchosha mwanafunzi, na hiari isiyo na kusudi humtawanya. Wahenga wetu walikwisha sema: mshika mbili moja humponyoka.

Mafungu manne ya kuchagulia

Sasa tutazame mafungu manne ambayo kijana aweza kuchagua humo.

La kwanza ni biashara. Tuseme binti amesomea uuguzi au udaktari, na baada ya miaka kumi anafungua zahanati yake. Anaijua dawa, lakini je, anajua kusoma hesabu za mapato na matumizi? Anajua tofauti ya fedha iliyomo mkononi na faida? Anajua maana ya mkataba anaoutia sahihi? Somo moja la uhasibu wa mwanzo au la sheria za biashara laweza kumwokoa na hasara ambayo udaktari wake haungeiona. Kadhalika mwenye shahada ya kilimo anayetaka kuuza mazao yake mwenyewe.

La pili ni insia, yaani historia, lugha, fasihi na falsafa. Wapo wanaoyadharau masomo haya wakisema hayana kazi. Lakini tazameni chuo cha MIT cha Marekani, kinachojulikana duniani kwa uhandisi na sayansi. Kila mwanafunzi wake wa shahada ya kwanza hutakiwa kusoma masomo manane ya insia, sanaa na sayansi za jamii. Mabingwa wa mitambo hawakufanya hivyo kwa kupoteza wakati. Wanajua kwamba daraja hujengwa kwa ajili ya watu, na asiyewajua watu hulijenga mahali pasipofaa, au hushindwa kuwaeleza kwa nini linahitajika. Steve Jobs, mmoja wa walioianzisha kampuni ya Apple, aliingia Reed College mwaka 1972, akaacha masomo rasmi baada ya muhula mmoja, lakini akaendelea kuhudhuria darasa la kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika kwa hati nzuri. Yeye mwenyewe alieleza huko Stanford mwaka 2005 kwamba elimu hiyo, ambayo hakuiona na faida yoyote wakati ule, ndiyo iliyoleta herufi nzuri katika kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984. Hatusemi kijana aache chuo. Tunasema elimu haijui kupotea.

La tatu ni sayansi. Mwanasheria, mwalimu wa historia na mwandishi wa habari wote wanaishi katika dunia ya takwimu. Magazeti huandika asilimia, serikali hutangaza hesabu, na wauza dawa hudai wamefanya utafiti. Asiyejua namna sampuli inavyochukuliwa, au asiyejua kwamba mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kuwa moja limesababisha jingine, atadanganywa akiwa na shahada yake mkononi. Somo la takwimu za mwanzo au la kompyuta ni ngao yake.

La nne ni ustawi wa mwili na nafsi. Fungu hili wengi hulicheka. Lakini MIT hiyohiyo hudai wanafunzi wake wasome elimu ya viungo na wathibitishe kwamba wanajua kuogelea. Na mwaka 2018, Profesa Laurie Santos wa Yale alipoanzisha somo la saikolojia juu ya maisha mema, walijiandikisha wanafunzi wapatao 1200, karibu robo ya wanafunzi wote wa shahada ya kwanza wa chuo kile. Vijana waliofika mahali ambapo wengi wanapatamani walikuwa wakiuliza namna ya kuishi kwa utulivu. Hili litufundishe sisi wazazi kwamba kijana aliye mbali na nyumbani hubeba mizigo ambayo haiandikwi katika karatasi ya matokeo.

Nasaha kwa vijana na wazazi

Enyi vijana wetu, msichague somo kwa sababu tu rafiki amelichagua, wala kwa sababu inasemekana mwalimu wake hutoa alama kwa ukarimu. Alama nyepesi husahaulika, na pengo la elimu hubaki. Someni kitabu cha mwongozo cha chuo kabla ya kujiandikisha. Ulizeni kama somo mnalolitaka linakubaliwa katika fani yenu, lina krediti ngapi, linafundishwa muhula gani, na kama linadai somo jingine litangulie. Yupo mwanafunzi awezaye kufika mwaka wa mwisho akagundua kwamba krediti zake hazitoshi, au kwamba somo alilolitegemea halihesabiwi, na mahafali yakampita. Muoneni mshauri wa masomo mapema. Na mkiwa na nafasi mbili za hiari, yafaa moja iitie nguvu fani yenu na nyingine iwafungulie dirisha.

Nanyi wazazi wenzetu, tusiwakataze watoto wetu kwa kuuliza tu, "Somo hilo litakuletea mshahara gani?" Swali hilo ni la haki, kwa kuwa ada imetoka katika jasho letu, na wengine wameuza shamba. Lakini tumpe kijana nafasi ya kujibu. Akiweza kueleza kwa nini amelichagua somo na litamsaidia nini, basi tumwamini, hata kama sisi tusingelichagua. Akishindwa kueleza, tusimfokee. Tumpeleke kwa wale waliotangulia chuoni miongoni mwetu wakae naye. Katika kila jamaa yetu wapo walimu, wahasibu, wauguzi na mafundi. Saa moja ya kuzungumza nao kabla ya siku ya kujiandikisha ina thamani kuliko lawama za miaka mitatu baadaye.

Kwa ufupi, fani ya lazima humpa kijana chombo cha kazi, na somo la hiari humwongezea macho ya kuona mahali pa kukitumia. Basi atakaporudi nyumbani na karatasi ya kujiandikisha, tusiitazame ada peke yake. Tuliulize na lile swali la tatu, kisha tukae tumsikilize.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa. Aamin.