Unene wa Mama na Uchungu wa Uzazi
Mama mwenye urefu wa sentimita 160 aliyeshika mimba akiwa na kilo 77 au zaidi huhesabiwa kuwa na unene uliopindukia. Misuli ya mji wake wa mimba huweza kujikaza kwa unyonge, mlango wa kizazi ukafunguka polepole, na uchungu ukarefuka. Huo si uvivu wa mama, kama wasemavyo baadhi ya watu. Tena mji wa mimba usiponywea baada ya mtoto kutoka, damu humwagika kwa wingi. Kwa hiyo twawasihi msinunue mitishamba ya kuongeza uchungu: kipimo chake hakijulikani, na mji wa mimba waweza kupasuka. Ulizeni kliniki mapema ni hospitali ipi yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu.